Kabla ya gitaa la pili, mtafute fundi

Wanaojua kwamba nakusanya magitaa makavu huniuliza swali lile lile: ninunue lipi? Huniuliza wakiwa wameegemea kaunta ya duka langu la dawa hapa Tanga, na wengi huwa wameshajipa jibu kabla ya kufungua mdomo. Wanataka nitaje jina. Wamesikia habari za Martin, Gibson na Yamaha, na wanachongoja kwangu ni muhuri tu kwamba pesa yao haitapotea. Mimi nawarudishia swali: fundi wako ni nani? Hapo hucheka, wakidhani natania.

Sitanii. Magitaa hayatupungukii. Mapya kutoka China yanauzwa mpaka kwenye maduka ya simu na redio. Ya mtumba yanashuka na makontena kutoka Japani na Ulaya, yamebanwa katikati ya baiskeli, majokofu na viti vya ofisi. Kijana mwenye laki mbili anarudi nyumbani na gitaa mgongoni. Kinachotupungukia ni mtu wa kulishika gitaa hilo mwaka mmoja baadaye, briji, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni mwake, inapoanza kunyanyuka na nyuzi zimekaa juu kiasi kwamba kupiga kodi ya F ni adhabu. Kijana hulitundika ukutani, akatangaza kwamba kipaji hana. Kipaji anacho. Gitaa ndilo gonjwa, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wakusanyaji wenzangu hawataupenda: mwenye pesa ya gitaa la pili aitumie kwanza kulitengeneza lile alilonalo, kwa fundi anayelipwa vizuri. Tukifanya hivyo watu wa kutosha, mafundi watapatikana. Tusipofanya, tutabaki kununua masanduku ya mbao yanayokufa moja baada ya jingine, na kuita huo ukusanyaji.

Tuuangalie ugonjwa wenyewe. Uso wa gitaa kavu, pale palipo na tundu la sauti, una unene wa milimita tatu hivi. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma ikikazwa mpaka sauti yake sahihi huuvuta uso huo kwa nguvu ya kilo sabini na kitu, karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji, usiku na mchana. Nyuzi za nailoni huvuta kama nusu ya hapo. Ndiyo maana gitaa la nailoni, lile lenye shingo pana na kichwa chenye nafasi mbili ndefu zilizotobolewa, huundwa kwa mihimili myepesi. Ukilivalisha nyuzi za chuma, unalivunja polepole. Nakutana na jambo hili kuliko jingine lolote: mtu kanunua gitaa la nailoni la mtumba, uzi umekatika, dukani kapewa za chuma kwa kuwa ndizo zilizopo. Sauti inakuwa kubwa, mwenyewe anafurahi. Miezi michache haipiti, uso umevimba nyuma ya briji na shingo imekuja mbele.

Halafu kuna hewa yetu. Watengenezaji hupenda gitaa likae penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kwa kazi yangu nina kipimo cha unyevu ukutani, maana dawa nazo zina masharti yake, na katika chumba kisicho na kiyoyozi hapa Tanga mshale husoma 75 au 80, na wakati wa masika hupita hapo. Mbao huyanywa maji hayo. Uso unafura, nyuzi zinapanda, na hewa ya chumvi inazila nyuzi mpaka zinaacha weusi vidoleni. Mwenzangu wa Dodoma analia kilio cha upande wa pili. Kiangazi mbao zake hunywea, ncha za vyuma vya freti hutokeza pembeni mwa shingo zikamkwaruza mkono, na siku mbaya uso hupasuka.

Kinga yangu ni ndogo. Vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge, vilivyoandikwa kwamba visiliwe, sivitupi. Navitia ndani ya kasha la gitaa na kuvibadilisha vinaposhiba. Makopo hufunguliwa kila siku, kwa hiyo sikosi vipya. Na gitaa langu halilali ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto lile huilegeza gundi. Lakini kinga haimwondoi fundi, kama ambavyo mimi kuuza chandarua hakujamwondoa daktari.

Fundi wangu kazi yake ni vitanda na milango, pale Ngamiani. Gitaa hakuwahi kulishika. Nilimfuata kwa sababu nilimwona akiunga mguu wa kiti cha zamani bila msumari hata mmoja, nikajua huyu anaifahamu mbao. La kwanza nililompa lilikuwa la plaiwudi, bovu kabisa, nikamlipa alifumue tu aone ndani kulivyo. Baadaye nikampelekea Yamaha ya zamani ambayo briji yake iling'oka, na mtu aliyekuwa nayo kabla yangu akairudisha kwa skrubu mbili na gundi ya haraka. Fundi aliigeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dokta, huyu alikuwa anafunga bawaba."

Alianza na pasi. Aliweka kipande cha bati juu ya briji ili vanishi isiungue, akaibandika pasi ya moto juu yake, akangoja. Gundi ilipolegea, akapenyeza kisu chembamba kidogo kidogo, akifuata mkondo wa mbao, asije akang'oa uso. Briji ilipotoka akakwangua gundi yote kuukuu mpaka mbao tupu ikaonekana, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Matundu ya skrubu akayaziba kwa vijiti vya mbao. Akapaka gundi ya mbao, akapitisha klampu kwenye tundu la sauti, akabana, akaliacha mpaka kesho yake.

Bado kulikuwa na kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya briji. Chake kilikuwa cha plastiki na kilishaliwa. Fundi akaleta mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, akauchemsha kuutoa mafuta, akauanika, akaukata kwa msumeno wa chuma, akausugua kwa tupa na kumalizia kwa msasa laini. Tukawa tunavalisha nyuzi, tunapima, tunalegeza, anausugua tena. Tulipimia kwenye freti ya 12: milimita mbili na nusu chini ya uzi mnene, mbili chini ya uzi mwembamba. Akanitoza shilingi 45,000. Gitaa lile sasa linapigika kwa mkono laini, na sauti yake inajaza chumba.

Ukiwa na mtu wa namna hiyo, hata biashara ya magitaa inabadilika. Asiye na fundi hununua kwa jina na kwa kung'aa, kwa sababu kila kasoro kwake ni mwisho wa gitaa. Mwenye fundi hununua kwa mkono na sikio, na kasoro inayomtisha mwenzake yeye huigeuza kuwa punguzo. Nikilishika gitaa la mtumba naliinua usawa wa jicho nione kama shingo imenyooka. Natia taa ya simu ndani nikague mihimili. Naugonga uso kwa ncha ya kidole kuuzunguka mwili, maana mhimili ulioachia hujitangaza kwa mtetemo. Natazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja mpaka chini, huo ni ubao mzima, yakionekana matabaka, ni plaiwudi. Jina kichwani nalisoma mwisho kabisa, maana majina makubwa hubandikwa hata kwenye magitaa bandia.

Na plaiwudi si aibu. Yamaha ilipoanza kuuza FG-180 kule Japani mwaka 1966, uso wake ulikuwa wa plaiwudi. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanayatafuta yale ya mwanzo, yenye karatasi nyekundu ndani iliyoandikwa Nippon Gakki, jina la zamani la kampuni hiyo. Mengi yanapofika mikononi mwa mtu yanahitaji kazi, hasa pembe ya shingo. Yaliyopata fundi yanaimba. Yasiyopata yanauzwa kwa picha.

Sisi wachache wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hatuuziani sana, tunabadilishana. Kanuni yetu ni kwamba anayetoa gitaa hutaja magonjwa yake yote kabla ya kutaja thamani yake. Gitaa hupanda basi la Horohoro likiwa na mtu wake, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Nimezoea kuulizwa mpakani, "Mama, hili la kijana wako?" Najibu kwamba ni langu, kijana wangu anapenda mpira. Anayevusha magitaa ya thamani anapaswa pia kujua sheria ya mbao. Kuanzia Januari 2017 mkataba wa CITES ulitaka vibali kwa mbao za jamii yote ya mpingo, hata ndani ya ala iliyokwisha kuundwa. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zile za mti wa Brazili wa jamii hiyo, uliofungiwa kabisa tangu 1992. Na gitaa la kale lenye kipande cha pembe ya ndovu uliache lilipo.

Najua hoja ya kwanza itakayoletwa: gitaa la bei ya chini halistahili gharama ya fundi. Wenye kusema hivyo wamesahau muziki wetu umetoka wapi. Gitaa ambalo wazee bado huliita galatoni lilitoka kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, likiwa la bei ya mtu wa kawaida. Kampuni hiyo hiyo ilitoa sahani za santuri za Mwenda Jean-Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga na kupiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, besi na solo vikitoka pamoja. Mtindo ule ulivuka maziwa ukaja kwetu. Magharibi mwa Kenya George Mukabi na wenzake wakawa na omutibo yao, gitaa moja na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwenye mbavu zake. Ukijaribu kuzipiga nyimbo zao kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zimekaa juu ya shingo milimita tano, utaelewa mara moja kwamba wale watu, hata walipokuwa hawana kitu, waliyaweka magitaa yao katika hali ya kupigika.

Galatoni ina kisa kingine kinachowafaa waabudu majina. Mwaka 1957 kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon alipata gitaa lake la kwanza, Gallotone Champion, rahisi, lililoagizwa kwa posta. Ndani lilikuwa na karatasi ya dhamana kwamba halitapasuka. Ndilo alilokuwa nalo alipokutana na Paul McCartney Julai mwaka huo. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Ubao wake haukuwa umebadilika kuwa bora. Kilicholipiwa ni mkono uliolipiga.

Hoja ya pili ni kwamba seremala wa vitanda hawezi kuaminiwa na ala ya muziki. Hii nayo ni ya zamani, na ilishashindwa. Christian Friedrich Martin, ambaye jina lake limo vichwani mwa magitaa yanayotafutwa kuliko yote, alitoka katika familia ya maseremala wa samani huko Markneukirchen, Ujerumani. Chama cha waunda fidla cha mji huo kilipigania watu wa aina yake wakatazwe kuunda magitaa, kwa madai kwamba hawa ni maseremala tu. Mwaka 1833 Martin alifunga mizigo akaenda Marekani. Naye Torakusu Yamaha alikuwa akitengeneza vifaa vya hospitali mjini Hamamatsu wakati shule ya msingi ya pale ilipomwita mwaka 1887 aitazame ogani yao iliyoharibika. Akaitengeneza, akaisoma ndani mwake, kisha akaanza kuunda zake. Kampuni kubwa ya ala duniani ilianza na mtu aliyeitwa kurekebisha kitu cha wengine. Mimi mwuza dawa kisa hicho nakipenda kwa sababu zangu, lakini kinawahusu zaidi mafundi wa Ngamiani, Buguruni na Gikomba.

Linaloniuma zaidi ni mpingo. Mti huu wa Lindi, Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, mzito hata unazama majini, ndio dunia inaoutegemea kwa klarineti na obo. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna misitu yao kwa mpango, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mbao inaondoka ikiwa vipande, inaundwa ala huko Ulaya, na sisi tunabaki na vinyago na sifa. Mchongaji mmoja wa Mwenge alinichongea vigingi vya briji, vile vijiti sita vinavyoshika nyuzi, kutoka kwenye mabaki ya mpingo aliyokuwa akiyasukuma pembeni kwa mguu. Vimekaa kwenye gitaa langu vizuri kuliko vya plastiki vilivyokuja nalo. Nchi yenye wachongaji wa namna hiyo kuagiza vigingi vya plastiki kwa ndege ni uzembe, tusiupake sukari.

Yapo ya serikali hapa. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina karakana za useremala karibu kila mkoa, zenye randa, klampu na walimu. Kozi fupi ya kutengeneza ala za nyuzi, ya wiki chache, haihitaji jengo jipya. Chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo kinafundisha watu kupiga. Ingefaa pia kuwafundisha kutunza na kurekebisha, gitaa, zeze na marimba kwa pamoja. Na anayesema wateja hawapo ahesabu kwaya za makanisa peke yake, kisha aongeze bendi za hoteli, shule na vijana wa mitaani. Kila kwaya ina gitaa moja linalopigwa na jingine lililokufa stoo.

Lakini sitaki tuisubiri serikali, kwa sababu soko la fundi linaanzia kwetu wenye magitaa. Wauzaji wa mtumba wafanye jambo moja la heshima: gitaa la nailoni liuzwe na seti ya nyuzi za nailoni. Mapadri, wachungaji na wakuu wa shule wayatoe yale ya stoo. Na sisi wakusanyaji, ambao tunaweza kutumia laki tano kwa gitaa ambalo tutalipiga Jumapili moja kati ya nne, tuache kujidanganya kwamba tunahifadhi urithi. Urithi haukai kwenye kasha. Unakaa kwa mtu anayejua pasi ipate moto kiasi gani kabla kisu hakijapenyezwa chini ya briji, na mtu huyo akikosa kazi ya magitaa kwa miezi mitatu atarudi kwenye vitanda vyake, wala hutampata tena.

Kwa hiyo, anayenipigia simu wiki hii kuuliza kuhusu gitaa la pili, jibu langu ndilo hili. Legeza nyuzi za hilo ulilonalo, lifunge kwenye kanga, mtafute seremala anayeunga mbao bila misumari. Mwambie huna haraka. Mpe la bovu ajifunzie, na siku hizo za kujifunza umlipe. Na atakapokutajia bei ya kazi yake, usiombe apunguze.